Sura ya Tano: Kompyuta Kabla ya Safari

Barua ya kukubaliwa kwenye shule ya kiangazi ya sayansi husomwa kwa pupa. Macho hukimbilia nauli, malazi na viza, kisha simu inapigwa nyumbani. Mwishoni mwa barua huwa kuna aya fupi inayosema kila mshiriki aje na laptopu yake, na chini yake orodha ya programu zinazotakiwa kuwa zimeshasakinishwa. Aya hiyo wengi huirudia usiku wa kufunga mizigo, muda ukiwa umekwisha.

Shule hizi ni fupi. Nyingi ni za wiki moja au mbili: asubuhi mhadhara, mchana vitendo, na kila zoezi hujengwa juu ya lile la jana. Mwanafunzi anayeutumia mchana wa kwanza kusakinisha programu, kesho atafika bila matokeo ya leo, na keshokutwa atakuwa anachungulia skrini ya jirani. Nimekaa kwenye kumbi hizo kama mwanafunzi, nikarudi kama msaidizi wa vitendo, na miongoni mwa waliokwama siku ya kwanza vijana wa kwetu hawakukosekana. Akili walikuwa nazo, tena za kutosha. Walichokuwa nacho ni mashine za mtumba na intaneti ya kununua kwa bando, na hakuna aliyewaambia mapema kwamba kuitayarisha kompyuta ni sehemu ya masomo yenyewe. Jambo hili linaniuma kwa sababu linazuilika.

Nitatumia mfano wa bioinformatiki ya malaria, fani inayotuhusu moja kwa moja. Jenomu ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kinachoua kuliko vingine, ilichapishwa mwaka 2002. Ina herufi takriban milioni 23 katika kromosomu 14, na jeni zipatazo 5,300. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kutoka Rwanda badiliko liitwalo R561H kwenye jeni ya kelch13, linalohusishwa na usugu dhidi ya artemisinini, dawa inayobeba tiba yetu ya malaria. Badiliko hilohilo likaja kuonekana mkoani Kagera, na huko Uganda yakaonekana mengine kwenye jeni hiyohiyo. Maana ya R561H ni kwamba katika nafasi ya 561 ya protini, arginini imetoka na histidini imeingia. Herufi moja tu ya DNA imebadilika. Kuitafuta herufi hiyo katika damu ya mgonjwa wa Karagwe, baada ya maabara kumaliza kazi yake, ni kazi ya kompyuta, na shule ya kiangazi huifundisha hatua kwa hatua. Kwa hiyo saa za kijana wa Bukoba au Kilifi ndani ya ukumbi ule mimi nazihesabu kuwa ghali sana.

Tuanze na mashine. Bahati nzuri kimelea hiki ni kidogo: jenomu yake nzima ikiwekwa kwenye faili la maandishi haizidi sana megabaiti 23, chini ya video ya dakika chache. Binadamu ana herufi zaidi ya bilioni 3, na programu ya kulinganisha mifuatano yake humeza gigabaiti kadhaa za RAM hata kabla kazi haijaanza. Kwa mazoezi ya malaria, RAM ya gigabaiti 8 inatosha, 16 ni raha, na 4 itakutesa. Kinachosahaulika ni diski. Faili ghafi zinazotoka maabara ni kubwa, kila hatua ya uchambuzi huzaa faili jingine, na diski ikijaa programu hufia njiani. Acha gigabaiti 50 wazi. Filamu na picha za harusi zihamie kwenye diski ya nje. Kama laptopu yako bado ina diski ya zamani inayozunguka, kuweka SSD kutakufaa zaidi kuliko kununua mtumba mwingine, na fundi mzuri wa mtaani anaiweza kazi hiyo. Kabla hajaigusa, nakili kazi zako mahali pawili.

Mtego mkubwa uko kwenye mfumo endeshi. Walio wengi wana Windows, ilhali programu nyingi za fani hii ziliandikwa kwa ajili ya Linux. Bioconda, ghala ambamo programu hizo hupakuliwa, haina toleo la Windows. Dawa ni WSL, njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows bila kufuta chochote, ambayo Microsoft waliitoa mwaka 2016. Kwenye Windows 11, au Windows 10 ya matoleo ya mwisho, unafungua PowerShell kwa ruhusa ya msimamizi, unaandika wsl --install, unaiwasha mashine upya, na Ubuntu, aina ya Linux inayosakinishwa nayo, inakuomba uchague jina na nenosiri. Unapoliandika nenosiri hilo skrini haionyeshi kitu, hata nukta. Wengi hudhani kibodi imekufa. Endelea kuandika, kisha bonyeza Enter.

WSL ikigoma, mara nyingi ni kwa sababu uwezo wa mashine kubeba mfumo mwingine ndani yake umezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, na kuuwasha kunahitaji kuingia humo wakati laptopu inaanza. Sababu nyingine ni ya kibinadamu: laptopu ya chuo au ya ofisi ina kufuli, na nenosiri la msimamizi analo mtu wa TEHAMA. Ukishafika Ulaya, humpati. Mwendee ukiwa bado nyumbani, tena mkononi una karatasi.

"Habari za kazi, kaka. Nimepata mafunzo mwezi wa saba, naomba ruhusa ya kusakinisha programu kwenye mashine hii hadi nitakaporudi."

"Programu gani hizo?"

"Orodha hii hapa, imesainiwa na mkuu wa idara."

"Basi iache hapa, dada, pitia kesho mchana."

Mazungumzo mafupi kama hayo huokoa siku nzima ya shule.

Kila kitu kipakuliwe kabla ya safari. Programu hizi pamoja na vitegemezi vyake hufika gigabaiti kadhaa, kwa hiyo tafuta bando la usiku, au intaneti ya chuo Jumamosi asubuhi watu wakiwa wachache. Ukumbini, watu arobaini wakipakua kitu kilekile kwa wakati mmoja, hakuna anayemaliza. Kama mnakwenda wengi, mmoja apakue na wengine wanakili, lakini muwe waangalifu na flashi inayopita kila mahali, maana huko ndiko virusi vinakosambaa. Faili likishanakiliwa, amri ya sha256sum hutoa alama ya herufi na tarakimu 64. Ikilingana na ile iliyoandikwa na watengenezaji wa programu, faili lako ni zima na halijachezewa.

Sasa tuje kwenye ujuzi, maana laptopu nzuri mbele ya mtu asiyeizoea haifanyi kazi. Shule nyingi hudhani unaijua terminali, lile dirisha jeusi la kuandika amri. Amri za kuanzia hazizidi kumi na tano: pwd ikuambie uko wapi, ls ikuonyeshe kilichomo, cd ikupeleke kwingine, less ikusomee faili refu bila kulifungua lote kwa mkupuo, na nyingine chache. Ogopa moja tu, rm, kwa sababu inachofuta hakipiti kwenye pipa la taka. Kimekwenda. Anayezijaribu amri hizi dakika ishirini kila jioni, baada ya wiki tatu vidole vitazijua vyenyewe. Anayezisoma mara moja ndani ya ndege atazisahau akiwa foleni ya uhamiaji.

Mazoezi yasiwe ya kubuni. Nenda PlasmoDB, hifadhidata ya jenomu za vimelea vya malaria, pakua jenomu ya falciparum aina ya 3D7, ipe faili jina fupi, tuseme jenomu.fasta, kisha andika mstari huu mmoja:

grep -v '>' jenomu.fasta | fold -w1 | sort | uniq -c

Kipande cha kwanza kinaondoa mistari ya vichwa, ile inayoanza na alama ya > na kutaja kromosomu. Cha pili kinakata mfuatano herufi moja moja, kila herufi kwenye mstari wake. Cha tatu kinazipanga zinazofanana pamoja. Cha nne kinahesabu kila kundi. Kile kijiti cha wima katikati hupitisha matokeo ya amri moja kwenda kwa inayofuata, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji. Wazo hilo lilitoka kwa Doug McIlroy wa Bell Labs, na Ken Thompson akaliingiza kwenye Unix mwaka 1973. Bado linafanya kazi hadi leo bila kubadilika.

Subiri kidogo, mashine inapanga mistari milioni 23. Kisha zinatokea namba nne, na hapo ndipo napenda mwanafunzi asimame azitazame. A na T peke yake zinachukua karibu herufi 80 katika kila 100. Kwa binadamu ni karibu 59. Kumbe kimelea kimeandikwa karibu chote kwa herufi mbili! Maana yake kuna maeneo marefu yanayofanana kama pacha, na programu inayojaribu kurudisha kila kipande cha mfuatano mahali pake hupotea humo, isijue kipande ni cha hapa au cha pale. Mwalimu atakapowaambia siku ya tatu kwamba maeneo fulani ya kromosomu hutupwa kabla ya kutafuta mabadiliko, wewe utakuwa umeshaiona sababu kwa macho yako, kwenye laptopu yako, nyumbani. Zoezi la namna hii linafundisha amri na biolojia kwa pamoja, na ndilo ninalolipigania kuliko orodha yoyote ya programu.

Kuna vikwazo vidogo ambavyo hula saa nyingi kupita ukubwa wake. Folda yenye nafasi katikati ya jina, kama "Kazi Zangu", huonekana kwa Linux kuwa vitu viwili, andika kazi_zangu. Herufi kubwa na ndogo kwa Linux si kitu kimoja, kwa hiyo Data na data ni folda mbili. Windows humaliza kila mstari wa maandishi kwa alama mbili zisizoonekana, urithi wa mashine za teleprinta, ilhali Linux hutumia moja. Hati ya amri iliyoandikwa kwa Notepad ya zamani ikipelekwa Linux hulalamikia alama ya ^M au \r ambayo mwandishi hajaiandika popote. Amri ya dos2unix huitibu. Kinga ni kutumia kihariri kama VS Code, ambacho pembeni chini kinaonyesha LF au CRLF. Kwa kazi za Linux chagua LF.

Excel nayo inahitaji onyo lake, kwa sababu data za sampuli karibu zote huzaliwa humo. Excel hubadilisha inachodhani ni tarehe bila kuuliza. Jeni ya binadamu iliyoitwa SEPT2 iligeuka tarehe 2 Septemba, na MARCH1 ikawa tarehe mosi Machi. Utafiti wa wanasayansi wa Australia uliochapishwa mwaka 2016 kwenye jarida la Genome Biology ulikuta kwamba kiasi cha moja ya tano ya makala zilizoambatisha orodha za jeni za Excel zilikuwa na makosa hayo. Mwaka 2020 kamati inayotunza majina ya jeni za binadamu ikatangaza kwamba imeyabadilisha majina yenyewe. Leo tunasema SEPTIN2 na MARCHF1. Jeni za malaria zina majina marefu kama PF3D7_1343700, ambayo ndiyo kelch13, kwa hiyo hizo hazina hatari hiyo. Namba za sampuli zinayo. Mgonjwa 0045 anakuwa 45, sampuli 2E5 inakuwa laki mbili, na majibu ya mtu mmoja yanaweza kuandikwa kwa mwingine. Ipe safu hiyo muundo wa maandishi kabla ya kuingiza chochote, na uhifadhi nakala ghafi usiyoigusa kamwe.

Kuhusu R, lugha ya takwimu na michoro, nitasema kwa kifupi: R na RStudio ni programu mbili, ya pili haifanyi kazi bila ya kwanza, na ya kwanza ndiyo husakinishwa mwanzo.

Matoleo ya programu ni suala zito zaidi. Chukua Samtools, programu ya kuchakata mifuatano iliyolinganishwa: ya zamani ilitaka amri yake ya kupanga mifuatano iandikwe kwa namna moja, ya sasa inataka namna nyingine, na anayefuata mwongozo wa zamani na programu mpya anapata hitilafu asiyoielewa. Ndiyo maana kila mradi hupewa mazingira yake ndani ya conda, programu inayosakinisha nyingine kutoka ghala kama Bioconda. Mazingira ni chumba chenye programu za mradi huo na matoleo yake, bila kugusa za mradi mwingine. Shule ikikutumia faili la mazingira, litumie hilohilo badala ya kusakinisha programu moja moja kwa kubahatisha. Na ukirudi nyumbani, andika conda env export > mazingira.yml, ulihifadhi pamoja na matokeo yako. Mwaka mmoja baadaye mhakiki wa jarida akiuliza ulitumia toleo gani, jibu lipo.

Hitilafu zitatokea tu, hata ujiandae vipi. Ninachowasihi vijana ni kuzisoma. Wengi wakiona maandishi mekundu hufunga dirisha na kuanza upya. Ujumbe wa hitilafu umeandikwa kwa Kiingereza, na kwa aliyesoma kwa Kifaransa huko Goma au Bukavu ni mzigo wa ziada, lakini jumbe zinazojirudia ni chache na zinajifunzika kwa jioni moja. "No such file or directory" maana yake uko kwenye folda isiyo sahihi au jina umelikosea. "Permission denied" ni ruhusa. "Command not found" ni programu haijasakinishwa, au mazingira yake hujayawasha. Neno "Killed" likitokea peke yake mara nyingi linamaanisha RAM imekwisha na mfumo umeiua kazi yako. Kwenye Python anza na mstari wa mwisho, ndio wenye habari.

Ukiomba msaada, usitume picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imepinda na nusu yake inang'aa. Nakili maandishi: amri uliyoandika, ujumbe wote uliorudi, na mfumo unaotumia. Msaidizi akipata hayo matatu mara nyingi hujibu kwa sentensi moja. Watu wetu tumelelewa kutomsumbua mwalimu, na heshima hiyo ni nzuri, lakini kwenye shule hizi kuna wasaidizi waliowekwa mahsusi kwa ajili ya kuulizwa. Inua mkono dakika ya tano, usingoje ya hamsini.

Uchambuzi mkubwa hufanyika kwenye seva, nawe unaingia kwa ssh, amri ya kuingia salama kwenye kompyuta ya mbali. Tengeneza ufunguo wako mapema, ujaribu kuingia kabla ya safari kama umeshapewa akaunti. Jifunze pia tmux. Ni programu ndogo inayoiacha kazi iendelee kwenye seva hata mtandao wako ukikatika, na ukirudi unaikuta ilipofika. Itakufaa zaidi ukisharudi nyumbani, umeme unapokatika saa mbili usiku katikati ya kazi ya saa sita.

Chaja isomwe pale chini kwenye maandishi madogo. Ikiandikwa 100-240V, inakubali umeme wa Ulaya na wa Marekani, na kinachobaki ni plagi. Pini zetu tatu za mstatili huingia Uingereza moja kwa moja. Anayekwenda Trieste, Italia, kwenye kituo cha ICTP alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu, anahitaji adapta ya pini za duara. Anayekwenda Kigali, ambako ICTP ina taasisi shirika tangu 2018, anaihitaji vilevile. Beba adapta moja na ekstensheni ya nyumbani. Utachaji laptopu na simu, na jirani yako atapata tundu.

Siku chache kabla ya kuondoka, malizia masasisho yote ya Windows, la sivyo mashine itaamua kujisasisha yenyewe mhadhara ukiendelea. Kisha zima Wi-Fi, washa laptopu upya, na ufanye zoezi zima tangu mwanzo: fungua terminali, washa mazingira, hesabu herufi za jenomu, chora mchoro mmoja, uhifadhi. Kikikwama kitu bila intaneti, kingekwama pia ukumbini.

Na kama wakati wa maandalizi mashine imeonekana haiwezi, usingoje siku hizo za mwisho, waandikie waandaaji. Waambie wazi: laptopu yangu ina RAM ya gigabaiti 4, WSL imekataa, nimejaribu hiki na hiki, ujumbe uliotokea ni huu hapa, je, kuna akaunti ya seva au mashine ya kuazima? Baadhi ya shule huwa nazo, lakini hugawiwa wanaowahi kuomba. Barua hiyo itumwe wiki tatu kabla, wakati mtaalamu wao wa seva bado yuko ofisini na akaunti hazijafungwa.